Jina la Mama Yusuf

"Sasa umesaidia nani?"

Mama Shukuru aliniuliza hivyo jikoni, amesimama mbele ya jiko la gesi, mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine uko kiunoni, na sombe, kisamvu cha kwao, ilikuwa inachemka nyuma yake. Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejibu, kwa sababu mwaka ule nilikuwa hodari sana wa kujibu watu wenye hasira. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya falsafa, nimeanza ya pili, na niliamini kwamba kila jambo ambalo watu hulifanya bila kuuliza sababu ni jambo linalongoja kuvunjwa. Siku hiyo nilimwacha na mwiko wake. Nikaenda chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Miaka imepita tangu siku ile. Mwezi uliopita Anko Nasir, jirani yetu wa nyumba ile, alianguka dukani kwake Fordsburg, hapa Johannesburg, mkasi mkononi, akipima pazia la mteja. Moyo, walisema. Ujumbe wa Mama Shukuru ulinikuta ofisini Randburg, katikati ya mkutano wa watu waliokuwa wakibishana kuhusu rangi ya tangazo. Kabla sijafika, alikuwa amekwisha kuzikwa. Nimeandika mambo mengi kuhusu jiji hili lakini mwaka ule nilikuwa nikiukwepa, na nadhani nilikuwa nikingoja awe hayupo ndipo niuandike, ingawa sijui kama hiyo ni heshima au ni woga tu uliovaa nguo nzuri.

Nyumba tuliyopanga sote watatu ilikuwa ya zamani, ya bati jekundu, imegawanywa kwa mbao nyembamba hata ukikohoa jirani anakuambia pole. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa cha Mama Shukuru na cherehani zake mbili. Yeye ni mtu wa Bukavu, mshonaji, mjane, mcheshi kwa watu na mkali kwa nguo. Mimi nilikuwa na chumba cha katikati kisichokuwa na dirisha la maana. Nyuma, karibu na ua, alikaa Anko Nasir, Mwafghani wa Kabul, muuza vitambaa vya mapazia. Yeye alikata, Mama Shukuru alishona, na biashara ikawaendea hivyo. Lugha yao ilikuwa Kiswahili. Katika safari yake ya kutoka Kabul hadi huku, mahali alipokaa muda mrefu kuliko pote palikuwa Dar es Salaam, akingoja watu wa kumvusha, na akaokota Kiswahili mitaani pale Kariakoo. Alikisema kwa vipande, lakini vipande vyake vilikuwa vizito. Mimi aliniita *dukhtaram*, binti yangu. Mama Shukuru naye Anko alimwita mama, ingawa mama mwenyewe alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

Ijumaa Anko Nasir alipika palau. Alitandaza kitambaa sakafuni mwa chumba chake, akapanga mito ukutani, na sisi wawili tukavua viatu mlangoni. Wali, karoti zilizokatwa nyembamba kama njiti, zabibu kavu, na nyama kama ipo. Mama Shukuru alilalamika kila mara.

"Muzee, wali na zabibu? Hii ni chakula ao ni keki?"

"Mama kula. Kelele baadaye."

"Minakula. Lakini kama niko na kufa, Mwende, weye andika: ilikuwa zabibu."

Anko Nasir alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Alikuwa amepata duka la Fordsburg baada ya kupoteza la kwanza. Lile la kwanza lilikuwa spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, sabuni, mkate na muda wa hewani, hadi asubuhi moja watu wakaja wakakunja bati la mlango na kubeba kila kitu, hadi friji, hadi kandambili zake. Hakusimulia zaidi ya hapo. Nilipomuuliza kama aliwatambua, alisema, "Wateja," akaniongezea wali.

Kila alasiri, baada ya swala, alizungumza na nyumbani kwa simu. Nyumbani wakati huo hakukuwa tena nyumbani. Mwaka ule Wataliban walikuwa wameirudia Kabul, na mkewe na binti zake wawili walikuwa wamevuka kwenda Peshawar, kwa ndugu wa ndugu. Viza zao zilikuwa zimekwisha muda. Shule kule hawakupokelewa kwa sababu hawakuwa na karatasi, na shule za walikotoka zilikuwa zimefungwa kwa wasichana. Nilisikia mazungumzo yao kupitia mbao bila kuyaelewa, ila neno moja lililorudi kila siku: palau. Hata siku ambazo nilijua kwa pua yangu kwamba alikuwa na mkate na chai tu. Nikamuuliza.

"Wanauliza nimekula nini. Nasema palau. Mimi nauliza wamekula nini. Wanasema nyama."

"Na ni kweli?"

"Dukhtaram," alisema, "wewe kila kitu kweli, kweli."

Anko Nasir alimwita mkewe Mama Yusuf. Kwetu sote lilikuwa jambo la kawaida kabisa, ndiyo maana hakuna aliyegutuka. Yusuf alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyeuawa na bomu la barabarani akiwa njiani kurudi kutoka kwa kinyozi. Anko Nasir alipokuwa anasema Mama Yusuf, masikio yangu ya Kenya yalisikia adabu, na masikio ya Mama Shukuru yalisikia vilevile. Nani kwetu humwita mama mtu mzima kwa jina lake?

Basi Ijumaa moja, tulipokwisha kula, alinipa barua ya ofisi ya wakimbizi. Alikuwa ameomba mkewe na binti zake waruhusiwe kumfuata, na hili ndilo lilikuwa jibu. Niliisoma mara mbili. Ilisema kwamba mwanamke mwenye pasipoti iliyoambatishwa hayumo katika maelezo aliyoyatoa mwenyewe alipoingia nchini. Mke aliyemtaja siku ile aliandikwa kwa jina jingine. Jina hilo lilikuwa limenakiliwa pale chini: Madar-e-Yusuf.

"Anko, *madar* ni nini?"

"Mama."

Nikaanza kucheka, halafu nikaona uso wake, nikaacha. Kidogo kidogo akaeleza. Siku ile ya kwanza alihojiwa kaunta, mbele ya wanaume waliojaa foleni, na mkalimani akiwa kwenye simu yenye kipaza sauti. Wakamuuliza jina la mke. Kwao mwanamume hataji jina la mkewe wala la mama yake mbele ya wanaume wageni. Halitajwi sokoni wala kwa daktari. Kadi ya harusi huandika binti wa fulani anaolewa na fulani. Alipokuwa mdogo, wavulana wa mtaa wake walipigana ngumi hadi damu kwa sababu mmoja ametamka jina la mama wa mwenzake. Kwa hiyo alisema Mama wa Yusuf. Mkalimani, naye mwanamume wa kwao, alielewa sana, na kwa kuelewa kwake hakusisitiza. Karani akaandika alichosikia. Wanaume wawili wenye adabu walikuwa wamemwoza Anko Nasir mwanamke asiyekuwepo.

"Basi ni rahisi," nilisema. "Tunarudi, unataja jina lake, wanarekebisha."

Akatikisa kichwa.

"Anko, jina ni sauti tu."

"Kama ni sauti tu, kwa nini wanaitaka?"

Ningekuwa na akili ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimesoma vitabu, na vitabu vilikuwa vinaniwasha. Nikamwambia kwamba mtu aliyelia shule za binti zake zilipofungwa hawezi kumficha mama yao. Nikamwambia kwamba hata Wataliban wanaficha wanawake. Mama Shukuru akasema kwa sauti ya chini, "Mwende, acha," lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

Anko Nasir aliweka bilauri ya chai chini taratibu. "Wale wanamfungia," alisema. "Mimi namtunza."

"Yeye anaona tofauti gani?"

 Alianza kukunja kitambaa cha chakula na mabaki bado yakiwa juu yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, na tukajua kwamba tunaondoka. Jumatatu yake alipita mlangoni kwangu bila salamu. Ijumaa iliyofuata hakukuwa na palau.

Nilikwenda kwa Mama Shukuru kutafuta mtu wa kuniunga mkono. Alikuwa anashona upindo wa pazia refu la kijani, mguu unakwenda, macho hayainuki.

"Weye unauliza batu sawa polisi," alisema.

"Mama, mke wake anaweza kukamatwa. Kisa jina!"

"Mi naitwa nani?"

"Nini?"

"Tunaishi nyumba moja. Unakula sombe yangu, unalala kwa shuka yangu, ukiugua ni mi nakupikia uji. Mi naitwa nani?"

Cherehani ilisimama. Nilitafuta kichwani. Shukuru nilimjua, kijana aliyesema Kizulu na Kiingereza tu, ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili alijibu "sharp", yaani sawa, akaendelea na simu yake. Mama yake sikumjua jina. Nilikuwa nimeishi naye miezi, nikimjadili mwanamke wa Kabul asiye na jina, na sikuwahi kuuliza. Mama Shukuru hakuniambia. Alirudisha mguu kwenye cherehani akasema, kama kwa pazia, "Hainiumi. Njo maana nakuuliza: weye unaona inaniuma?"

Hadi leo sijaamua kama ilimuuma. Nimejifunza kutoamini mtu anayesema haimuumi, na nimejifunza pia kutoamini mtu wa nje anayesema lazima imuume. Wakati ule nilidhani mojawapo ni lazima iwe kweli.

Kilichombadilisha Anko Nasir si mimi. Kule Peshawar polisi walikuwa wameanza kuwasaka Waafghani nyumba kwa nyumba. Mkewe na wasichana walipanda juu ya paa la jirani, wakalala kifudifudi chini ya jua mchana kutwa, binti mdogo akikojoa palepale kwa hofu. Alasiri ile hakukuwa na palau wala nyama kwenye simu. Nilisikia sauti ya mwanamke, kavu, ikisema kitu kimoja mara nyingi. Kisha Anko Nasir akagonga mlango wangu.

"Mama Yusuf anasema nitaje," alisema. "Anasema, wewe unanitunza mimi ao unajitunza wewe." Akatazama kizingiti. "Kama wewe tu. Maneno yenu sawasawa. Twende."

Tulifika ofisini kabla jua halijachomoza na foleni ilikuwa imekwisha kuzunguka uzio. Wakongo, Wasomali, Wahabeshi, na nyuma yetu kidogo kundi la wanaume Waafghani wenzake. Aliwajua baadhi. Mmoja alikuwa mwokaji wa pale Fordsburg ambaye kwake alinunua mkate kila asubuhi, mwanamume mwembamba mwenye unga kwenye nyusi hata siku ya kwenda ofisi ya serikali. Walisalimiana kwa mkono kifuani. Nilimwona Anko Nasir akihesabu kwa macho umbali kati yao na kaunta. Akaninong'oneza, "Wewe mwanamke. Sema wewe."

Nilijaribu. Ofisa alikuwa mama wa makamo mwenye sweta ya kufuma na kikombe cha chai kilichopoa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mwombaji aseme mwenyewe. Nikaanza kueleza desturi, akanikatiza. "Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Jirani akae."

Akampigia mkalimani, akaweka simu juu ya kaunta, kipaza sauti wazi. Anko Nasir aliinama karibu na tundu la kioo akasema jina. Sikulisikia. Mkalimani naye hakulisikia, au alifanya kama hakulisikia. "Sauti, baba, sauti!" alisema ofisa. Akalisema tena. Safari hii lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, kama mtu anayesukuma mlango akidhani umefungwa, na nyuma yetu mazungumzo ya Kidari, lugha yao, yakakatika yote kwa pamoja.  Ikabidi mkalimani alirudie ili liandikwe, na sauti ya mwanamume mgeni ikalitaja jina la yule mwanamke kwenye ukumbi mzima, halafu herufi moja baada ya nyingine, halafu ofisa naye akalisoma kwa lafudhi ya hapa ili kuhakikisha. Anko Nasir alikuwa amefumba macho. Wanaume waliokuwa nyuma walitazama sakafu.

Jina nililisikia. Ni zuri na ni fupi. Silitaji hapa.

"Kwa hiyo mara ya kwanza ulidanganya," alisema ofisa.

"Hapana, mama. Adabu."

"Hata mimi mtaani naitwa mama wa mtoto wangu," alisema yule mama, na hakuwa akimkejeli, alikuwa amechoka tu. "Lakini serikali ikiniuliza, nasema jina. Eish, baba. Sasa una wake wawili kwenye faili." Alisema suala litachunguzwa. Tulirudi kwa teksi, na kwenye robot ya kuingilia Fordsburg, gari likingoja taa ya kijani, Anko Nasir alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wamelisikia wote."

Uchunguzi ulikuwa bado haujakwisha siku simu ilipokaa kimya. Alasiri ikapita, na nyingine, na nyingine. Nilimsikia akipiga, akikata, akipiga. Baadaye tukajua: polisi wa Peshawar walirudi, wakawapakia mkewe na wasichana kwenye lori pamoja na familia nyingine, na kuwashusha ng'ambo ya mpaka wa Torkham kwenye mahema, kwenye vumbi. Kutoka pale walifika Kabul kwa hisani ya watu. Mwanamke, wasichana wawili, hakuna mwanamume wa kutembea nao, katika nchi ambayo sasa mwanamke asiye na mwanamume hatakiwi kwenda mbali wala kupata kazi ya maana. Kama Yusuf angekuwa hai, angekuwa ndiye. Ofisi ilipojibu mwishowe, ilisema maelezo ya mwombaji yanapingana na hayawezi kuaminika.

Pale Fordsburg habari nayo ilitembea. Anko Nasir aliacha kwenda kununua mkate. Kwanza nilidhani ni huzuni, hadi asubuhi aliyonituma mimi. Dukani kwa mwokaji nilikuta vijana wawili wamekaa kwenye magunia ya unga, na mmoja wao, kijana anayejua mimi ninaishi wapi, alimwambia mwenzake kitu kwa Kidari, na katikati ya maneno yale nisiyoyajua nikalisikia lile jina. Wakacheka. Mwokaji aliwageukia na koleo lake refu la tanuri, uso umemwiva, akawafokea hadi wakatoka. Hakunitazama. Alinifungia mikate kwenye gazeti, na nilipotoa pesa akatikisa mkono nisimpe. Nilichukulia kwamba hata pesa za nyumba ile alikuwa hazitaki.

Ndipo Mama Shukuru aliponiuliza swali lake. Alikuwa amejumlisha yote: bibi wa muzee amerudishwa, muzee anaswali nyumbani peke yake kama mgonjwa, jina la bibi linachezewa na watoto wa barabarani.

"Sasa umesaidia nani?"

Niliondoka nyumba ile mwisho wa mwaka. Anko Nasir alinipa mto mmoja wa kukalia, akaubeba mwenyewe hadi kwenye gari. Rufaa yake iliendelea kuzunguka mwaka hadi mwaka. Binti mkubwa aliolewa na mtu aliyekuwa na nyumba yenye paa zima, na tuliyajua hayo tu kumhusu. Kila nilipomtembelea Anko Nasir alinipikia, na kila alasiri simu ilipigwa, na palau ikatajwa. Hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu, kwa sababu tungebishana, na katika kubishana ningejua alichofikiri.

Matanga ya Anko Nasir, mwezi huu uliopita, upande wa wanawake yalifanyika katika nyumba ya kupanga nyuma ya duka la mkate. Nilishangaa kwamba ni pale, lakini Mama Shukuru alisema wenye nyumba ndio walioomba. Tulikaa sakafuni, migongo ukutani. Chai ya kijani yenye iliki ilipita, na halua. Wanawake walimpigia simu mjane kule Kabul wakalia pamoja naye kupitia kioo cha simu kilichopasuka hadi alipokata. Mwanamke kijana mwenye mtoto mapajani aliniegemea, akaniuliza kwa Kiingereza cha hapahapa Johannesburg kama mimi ndiye yule Mkenya aliyekwenda na marehemu ofisini.

Nikasema ndimi.

Akasema jina lake ni Shirin. Mumewe ndiye mwokaji. Siku ile kwenye foleni ilikuwa mara ya kwanza ya mumewe kuhojiwa, na alikuwa amejiandaa kusema "mama wa watoto", kama alivyofundishwa. Baada ya kusikia yaliyotokea kaunta alimsogelea karani, alipoulizwa akalitaja jina la mkewe, Shirin, na ndilo lililokuwa kwenye pasipoti ya mkewe. Kwa hiyo Shirin alimfuata miaka miwili baadaye, yeye na watoto wakubwa. Huyu aliyempakata alizaliwa hapa.

Nilimuuliza kama Anko Nasir alilijua hilo.

"Hapana," alisema Shirin. "Kila siku mume wangu alisema atakwenda kumwambia, amshukuru. Aliona aibu."